Betri inayokufa gari likiwa limeegeshwa: namna ya kuufuata umeme unaovuja mpaka kuupata

Mwanzisha uzi (Tabora mjini)

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu ni kwa ajili ya wenzetu ambao magari yao husimama siku kadhaa bila kuwashwa, na huku kwetu magari ya namna hiyo ni mengi: pikapu za vyama vya msingi vya tumbaku kule Urambo na Kaliua zinazopumzika masoko yakishafungwa, gari la mfanyabiashara wa asali wa Sikonge linalosubiri mzigo, gari la mtu aliyepanda treni kwenda Dar es Salaam akaliacha uani. Mwenye gari akirudi anazungusha ufunguo, stata inagonga mara moja na kunyamaza. Anaazima nyaya za kubustia, gari linawaka, linafanya kazi kutwa nzima bila tatizo, na likisimama tena siku chache linarudia yale yale. Hapo ndipo anaposhauriwa anunue betri mpya. Ananunua, na haipiti muda mrefu nayo inalala kama ile ya zamani.

Msimamo wangu kama fundi umeme wa magari ni kwamba betri isinunuliwe kabla ya kupima. Mita ya kawaida inayouzwa maduka ya vifaa vya umeme inatosha kwa kazi hii, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri.

Gari kushindwa kuwaka baada ya kusimama husababishwa na mambo matatu ambayo kwa nje yanafanana. La kwanza ni betri yenyewe kuchoka, kiasi kwamba haiwezi tena kutunza chaji. La pili ni alteneta kutoijaza betri ipasavyo wakati gari linatembea. La tatu, ambalo ndilo mada yetu, ni kifaa fulani ndani ya gari kuendelea kunywa umeme wakati ufunguo umetolewa na milango imefungwa. Ukiyachanganya haya utabadilisha vitu vizima na kukiacha kibovu mahali pake.

Kuyatenganisha si kazi ngumu. Chaji betri mpaka ijae, iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima volti zake. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.7, ikisoma 12.4 imebakiwa na takribani robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni kama robo tu. Fungua waya wa hasi, iache usiku mzima bila kuunganishwa na chochote, na asubuhi pima tena. Ikishuka sana hali imekaa peke yake, mgonjwa ni betri. Ikibaki ilipokuwa, lakini usiku unaofuata ukiwa umeirudishia waya wake inashuka, mgonjwa ni gari. Mwisho washa injini na pima kwenye vichwa vya betri: ukikuta kati ya volti 13.8 na 14.5, alteneta inachaji.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana watu wengi hudhani kwamba kila umeme unaotoka gari likiwa limezimwa ni hitilafu. Gari la kisasa haliwezi kufikia sifuri kabisa. Saa, kumbukumbu ya redio, kipokezi cha rimoti ya milango na kompyuta za gari vyote huhitaji umeme kidogo muda wote, na kwa magari mengi kiasi cha miliampea 20 hadi 50 ni cha kawaida (miliampea 1000 ni ampea moja). Chukua betri ya Ah 45 (ampea-saa, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza), ambayo iko kwenye magari madogo mengi tunayoendesha. Gari likinywa miliampea 30, kwa siku linatumia Ah 0.72, na itachukua takribani mwezi mzima kufika nusu ya betri. Likinywa miliampea 300, kwa siku ni Ah 7.2, na siku tatu zinatosha kuifikisha nusu. Kwa hiyo mtu anaposema gari lake linalala baada ya siku tatu au nne, kabla sijafungua boneti tayari najua natafuta kitu cha ukubwa gani.

Taa moja ndogo ya wati 5, kama ile ya ndani ya buti au ya kisanduku cha dashibodi, hunywa karibu ampea 0.4, yaani takribani Ah 10 kwa siku. Ikiwaka humo ndani huioni, kwa sababu mlango wa kisanduku umefungwa.

Kuna njia mbili za kupima mkondo wenyewe, yaani kiasi cha umeme kinachopita. Mwenye mita ya klampu inayosoma umeme wa betri (DC) hadi miliampea atabana waya wa hasi na kusoma, asifungue kitu chochote. Mwenye mita ya kawaida atalazimika kuiweka mita katikati ya njia ya umeme, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Waya mwekundu wa mita uhamishiwe kwenye tundu lililoandikwa 10A, kwa sababu lile tundu la miliampea lina fyuzi ndogo inayokatika mara moja. Legeza waya wa hasi wa betri, lakini kabla ya kuuvua, unganisha kwanza waya mnene wa pembeni kutoka kwenye kichwa cha hasi cha betri hadi kwenye kile kishikio cha waya wa gari. Sasa vua kishikio. Umeme unaendelea kupita kwenye ule waya wa pembeni na gari halijahisi lolote. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye kishikio cha waya wa gari, ncha nyeusi kwenye kichwa cha betri, halafu ndipo uondoe waya wa pembeni. Mita sasa inasoma kila kinachotoka.

Nasisitiza huo waya wa pembeni kwa sababu ukivua hasi na kuirudisha kupitia mita, kompyuta za gari zinaamka, kufuli za milango zinaweza kujifunga, king'ora kinaweza kulia, na mita itaonyesha ampea kadhaa ambazo zitakutisha bure. Mita ikiwa katikati usiwashe injini hata kidogo, usiwashe taa kubwa, na usifungue mlango, la sivyo fyuzi ya mita inaweza kuungua.

Jambo la pili ni uvumilivu. Gari likishafungwa halilali papo hapo. Magari mengi hutulia ndani ya dakika 20, mengine huchukua karibu saa nzima, na usomaji uliouchukua kabla ya hapo haukwambii lolote. Ukitaka kufikia fyuzi zilizo ndani ya gari, acha mlango wazi tangu mwanzo lakini ifunge kufuli yake kwa bisibisi ili gari liamini kwamba mlango umefungwa. Fungua boneti mapema. Rimoti iweke mbali, hasa kwa gari la kuwasha kwa kitufe, kwa sababu rimoti ikiwa karibu gari linaweza kukataa kulala.

Tuseme gari limelala na mita inasoma 0.30, yaani miliampea 300. Mafundi wengi hapo huanza kuchomoa fyuzi moja moja huku wakiangalia mita. Njia hiyo ilifaa magari ya zamani na bado inafaa Land Cruiser zile zisizo na kompyuta nyingi. Kwa magari ya sasa ina kasoro kubwa: kuchomoa na kurudisha fyuzi huamsha kompyuta, mkondo unaruka juu, na unalazimika kusubiri upya kila mara. Kibaya zaidi, kifaa kilichokwama kikiwa macho kinaweza kujirekebisha kwa kukatiwa umeme, hitilafu ikapotea mbele yako na kurudi wiki inayofuata.

Njia ninayoipendelea ni kupima fyuzi ikiwa mahali pake. Juu ya fyuzi ya plastiki kuna vitone viwili vya chuma vilivyo wazi. Weka mita kwenye milivolti za umeme wa betri, gusa kitone kimoja kwa ncha moja na cha pili kwa ncha nyingine. Fyuzi ina ukinzani mdogo sana lakini si sifuri, hivyo umeme ukipita ndani yake huacha tofauti ndogo ya volti kati ya vitone hivyo. Mita ikisoma sifuri, hakuna kinachopita pale. Ikisoma chochote, umepata njia. Kwa fyuzi ya kawaida ya ampea 10, kila milivolti moja ni takribani miliampea 130. Kwa ya ampea 15 ni kama 200. Kwa ya ampea 20 inakaribia 300. Mita za bei nafuu husoma hadi sehemu ya kumi ya milivolti, na hiyo inatosha.

Nitoe mfano mmoja. Kuna pikapu iliyoletwa kwangu ikinywa ampea 0.32 baada ya kulala. Nilipita fyuzi zote za chini ya dashibodi, sifuri, sifuri, sifuri, hadi ile ya ampea 10 iliyoandikwa DOME, ikasoma milivolti 2.3. Hizo ni takribani miliampea 300, kwa hiyo karibu mzigo wote ulikuwa unapita hapo na hakukuwa na haja ya kutafuta kwingine. Kwenye Toyota fyuzi hiyo hulisha taa za ndani, saa na kumbukumbu ya redio. Taa zilikuwa zimezimika. Nilipochomoa soketi ya redio kwa nyuma, mita ilishuka hadi miliampea 20 na kubaki hapo. Redio haikuwa mbovu. Aliyeifunga alikuwa amesokota pamoja waya wa njano, ambao ni wa umeme wa kudumu kwa ajili ya kumbukumbu, na waya mwekundu, ambao unapaswa kupata umeme pale tu ufunguo unapofika kwenye ACC, ile hatua ya kuwasha redio bila injini. Redio ikawa haijui kamwe kwamba gari limezimwa. Kioo chake kilikuwa cheusi, lakini ndani ilikuwa macho usiku kucha. Waya mwekundu ulipopelekwa mahali pake, tatizo likaisha, na betri ileile ambayo mwenyewe alitaka kuitupa bado ilikuwa nzuri.

Ningependa wachangiaji waeleze magari yao yalivyo ili tusaidiane, lakini naomba kila anayeuliza aje na vipimo: volti za betri ikiwa imepumzika, volti injini ikiwa inanguruma, na mkondo baada ya gari kulala.

Mchangiaji wa Urambo

Asante sana kwa maelezo haya, fundi. Mimi naendesha Fuso, na tatizo langu ni kwamba betri moja tu ndiyo inayokufa, nyingine inabaki nzima. Nimezibadilishana nafasi, na iliyokuwa nzima ikaanza kufa. Vipimo vya asubuhi ni 12.7 kwa moja na 11.9 kwa nyingine. Hii inawezekanaje wakati zote mbili zimefungwa pamoja?

Mwanzisha uzi

Mkuu, umeshafanya nusu ya kazi kwa kuzibadilishana nafasi, kwa sababu ugonjwa ungekuwa wa betri ungehama nayo. Umebaki kwenye nafasi ileile, basi upo kwenye nyaya.

Fuso ni gari la volti 24, na betri zake mbili zimefungwa kwa kufuatana. Angalia kiungo kinachounganisha betri ya kwanza na ya pili. Nina hakika karibu kamili kwamba utakuta kuna waya mwembamba umetolewa hapo, unaenda kwenye redio, kwenye soketi ya kuchajia simu, au kwenye kifaa cha kufuatilia gari. Mtu alitaka volti 12 kwa ajili ya kifaa cha volti 12, akaona njia fupi ni kuzichukua kwenye betri moja. Betri hiyo inafanya kazi ya ziada mchana na usiku, wakati mwenzake anapumzika.

Madhara yake hayaishii kwenye betri iliyochoka. Alteneta huchaji zote mbili kwa pamoja na haiwezi kujua kwamba moja iko chini. Iliyojaa inaendelea kupokea chaji isiyoihitaji, inachemka, maji yanapungua; iliyochoka haifiki kamwe kwenye kujaa. Baada ya muda utakuwa na betri mbili mbovu kwa sababu mbili tofauti. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili, na ni vizuri kikafungwa kwenye waya unaotegemea ufunguo. Ukishaondoa ule waya wa katikati, chaji kila betri peke yake hadi zilingane kabla ya kuzirudisha.

Na kwa kuwa tumegusa maji: betri ikipungukiwa inaongezwa maji ya betri pekee. Kuna wanaochaji betri barabarani ambao huongeza asidi ili betri ionekane na nguvu. Kinachokauka ndani ya betri ni maji. Asidi inabaki humo humo, na ukiizidisha inazila sahani za risasi zilizo ndani.

Mchangiaji wa Ujiji

Mimi naomba kuchangia tofauti kidogo. Huku ziwani hewa ina unyevu, na vichwa vya betri vinaota unga mweupe na wa kijani kwa muda mfupi. Nimeacha kuhangaika na vipimo. Kila jioni ninapoegesha gari kwa zaidi ya siku moja nafungua waya wa hasi, na tangu hapo betri haijanisumbua. Naona ni njia rahisi kuliko hizo milivolti.

Mwanzisha uzi

Siipingi njia yako kwa gari linaloegeshwa muda mrefu, na kwa mtu aliye mbali na fundi ni afadhali hiyo kuliko kuiacha betri ife. Betri inayoachwa imekwisha chaji kwa siku nyingi hujenga ndani yake fuwele ngumu juu ya sahani za risasi, na fuwele hizo hazirudi nyuma hata ukichaji kwa muda mrefu. Kila betri ya kuwashia gari inapoishiwa chaji kabisa hupoteza sehemu ya uwezo wake ambayo hutaipata tena. Kwa hiyo kuilinda kwa kufungua waya ni jambo jema.

Hata hivyo kuna mambo mawili. Kwanza, hitilafu inabaki ndani ya gari. Waya unaovuja miliampea 300 kwa sababu redio imefungwa vibaya hauna hatari kubwa, lakini unaovuja kwa sababu gamba lake limechunika na unagusa bodi ya gari mahali fulani unaweza kuendelea kuchunika hadi uwake moto, na kufungua hasi usiku hakusaidii mchana. Pili, kishikio kinachofunguliwa na kukazwa kila jioni hupanuka na kulegea, na kishikio kilicholegea huizuia alteneta kuichaji betri vizuri. Ukiamua kuendelea na njia hiyo, funga swichi ya kukatia betri kwenye waya wa hasi, uzungushe swichi badala ya kushika spana.

Kuhusu unga, ni vizuri umelitaja. Uchafu wenye unyevu juu ya betri unaweza wenyewe kuwa njia ya umeme kutoka chanya kwenda hasi. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa cha hasi, na ile nyekundu ipitishe juu ya plastiki ya betri bila kugusa kichwa cha chanya. Mita ikianza kusoma volti kwenye plastiki, betri yako inajimaliza kupitia uchafu wake. Fungua hasi kwanza, halafu chanya, osha kwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kuokea huku vifuniko vikiwa vimefungwa ili yasiingie ndani, suuza, kausha, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho.

Mchangiaji wa Nzega

Fundi, shikamoo. Gari letu la ofisi lina kifaa cha kufuatilia na hatuna ruhusa ya kukitoa. Linakaa uwanjani hata wiki mbili. Je, tukiweka paneli ndogo ya sola juu ya dashibodi itasaidia?

Mwanzisha uzi

Marahaba. Itasaidia, mradi hesabu ikubali. Paneli ya wati 10 kwenye jua la kwetu inaweza kurudisha takribani Ah 2.5 hadi 3 kwa siku ikiwa nje na imeelekezwa vizuri. Nyuma ya kioo cha gari itapungua, na chini ya mwembe haitafanya kitu. Kiasi hicho kinatosha kufidia gari linalokunywa hadi miliampea 100. Likinywa 300, paneli hiyo itachelewesha tu. Lazima kuwe na kidhibiti chaji kati ya paneli na betri, ambacho pia huzuia umeme usirudi kwenye paneli usiku.

Kabla ya hapo, pima kifaa chenyewe. Vifaa hivi vikilala hunywa kidogo sana, lakini vikiwa mahali ambapo mtandao wa simu ni hafifu huendelea kuutafuta, na matumizi hupanda. Vingine hukosewa kufungwa kama ile redio niliyoeleza, ule waya wa kuvitambulisha kwamba gari limezimwa ukaunganishwa na umeme wa kudumu, vikawa havilali kabisa. Aliyekifunga anaweza kurekebisha hilo bila kukitoa, na ofisi haitakuwa na sababu ya kukataa.

Mchangiaji wa Kasulu

Nimefuata maelekezo yako yote kwenye Noah yangu. Betri iliyopumzika 12.6. Injini ikinguruma 14.1. Mkondo baada ya kusubiri saa nzima ni 0.28. Nimepima milivolti kwenye kila fyuzi, za ndani na za kwenye injini, na zote ni sifuri isipokuwa moja yenye 0.1. Redio ni ile iliyokuja na gari. Taa zote nimezitoa globu. Sasa umeme unapita wapi?

Mwanzisha uzi

Vipimo vyako ni safi na vimenirahisishia kazi. Fyuzi zikiwa kimya (hiyo 0.1 ni kidogo mno) wakati mita inasoma 0.28, umeme unapita kwenye njia ambayo haipiti kwenye fyuzi hizo ndogo. Njia kama hizo ni chache: waya mnene wa stata, waya mnene wa alteneta, na chochote kilichofungwa na mtu moja kwa moja kwenye kichwa cha chanya. Hicho cha mwisho utakiona kwa macho, kwa hiyo anza nacho. Fuata kila waya mwembamba unaotoka kwenye chanya hadi mwisho wake.

Usipokuta kitu, nenda kwenye alteneta. Ndani yake kuna diodi zinazoruhusu umeme kutoka kwenda kwenye betri na kuuzuia usirudi. Moja ikianza kuvuja, umeme wa betri unarudi nyuma na kupita kwenye nyaya za alteneta usiku kucha. Kinachowachanganya wengi ni kwamba alteneta ya namna hiyo bado inaweza kusoma volti 14 injini ikiwa inanguruma, kama ilivyo kwako, hivyo fundi anaiondoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Fanya hivi. Asubuhi na mapema, kabla gari halijawashwa, weka kiganja kwenye bodi ya alteneta. Vyuma vyote vya injini vitakuwa baridi. Alteneta ikiwa na uvuguvugu, inapitisha umeme. Ikiwa inavuja kidogo huenda usihisi joto, kwa hiyo usiishie hapo. Fungua hasi ya betri, kisha fungua nati ya waya mnene nyuma ya alteneta, ufunge ncha ya waya huo kwa utepe wa umeme usiguse chuma, rudisha hasi kwa ule waya wa pembeni kisha mita kama mwanzo, subiri gari lilale, usome tena.

Njia nyingine, injini ikiwa inanguruma, ni kuweka mita kwenye volti za umeme wa nyumbani (AC) na kupima kwenye vichwa vya betri. Ikizidi nusu volti, diodi zina shida. Tahadhari moja: baadhi ya mita za bei nafuu hudanganyika kwenye kipimo hiki. Jaribu kwanza injini ikiwa imezimwa, na ugeuze ncha. Mita ikisoma volti nyingi upande mmoja na sifuri upande wa pili, haifai kwa kazi hii.

Mchangiaji wa Kasulu

Alteneta ilikuwa ya vuguvugu alfajiri, na huku kwetu alfajiri ni baridi kweli. Nilipotoa ule waya mnene na kusubiri, mita ikashuka kutoka 0.28 hadi 0.02. Fundi wa hapa ananiambia ninunue alteneta nyingine ya mtumba. Nifanye hivyo?

Mwanzisha uzi

Hongera, umeipata. 0.02 ni gari lenye afya.

Usikimbilie mtumba. Alteneta ya mtumba ina diodi zilizotumika kama zako, na hujui zimepitia joto gani. Mwambie fundi aifungue yako apime kila diodi: mita ikiwa kwenye alama ya diodi, inapaswa kusoma upande mmoja tu, na ukigeuza ncha isisome kitu. Itakayosoma pande zote mbili ndiyo mbovu. Kwa kawaida sahani nzima ya diodi hubadilishwa kwa pamoja, na bei yake ni chini ya alteneta nzima. Akiwa ameifungua, aangalie na brashi za kaboni. Zikiwa fupi azibadilishe wakati huo huo, kwa sababu gharama ya kuishusha alteneta mara ya pili ni yako.

Ikirudi kwenye gari, usilipe hadi mita iwekwe tena kwenye hasi, gari lilale, na usome mbele yake. Ikibaki kati ya 0.02 na 0.05, chaji betri yako usiku mzima kwa chaja ya nje, kwa sababu mwendo wa mjini hauwezi kuijaza betri iliyokuwa inashuka kila siku. Usiitupe kabla ya kuipima ikiwa imejaa na imepumzika.